Pweza wa Udongo

Nilizaliwa Kilwa, nikala pweza kabla meno hayajaniota yote, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ningeitwa mwongo kwa sababu yake. Hayo yalinikuta Newala, nilikopelekwa kufundisha darasa la tatu mara tu nilipotoka chuoni, Mwingereza akiwa bado anatutawala. Wanafunzi wangu walikuwa watoto wa Kimakonde, wazazi wao wakulima wa mihogo. Bahari waliijua kwa jina tu.

Siku ya somo la viumbe vya baharini niliingia darasani kifua mbele. Nani angenifundisha mimi bahari? Nikawaambia pweza ana miguu minane, hana hata mfupa mmoja, na miguu hiyo imeotea kichwani. Wakacheka. Nikawaambia yuko mnyama aitwaye kiti cha pweza. Wakauliza pweza anamkaliaje. Nilipofika kwa jongoo bahari wakataka kujua ana miguu mingapi, nami nikajibu kuwa miguu kama ya jongoo wa shambani hana. Darasa likavunjika mbavu. Majina ambayo kwetu pwani hayakuwa na neno, kule juu Newala yaliniumbua.

Kesho yake asubuhi nilimkuta mama mmoja mlangoni, udongo umemkaukia mikononi hadi viwikoni. Alikuwa makamo ya mama yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwalimu, jana binti yangu kachapwa na babu yake. Karudi nyumbani anasimulia mnyama mwenye miguu kichwani. Mzee kasema shule inamfundisha uongo."

Niliumia kwa ajili ya yule mtoto, lakini sikurudi nyuma. "Si uongo, mama. Pweza nimewasafisha kwa mikono yangu hii, hawana idadi."

Akanitazama kidogo. "Mimi ni mfinyanzi. Kitu kilichopo kina umbo. Njoo kwangu jioni, unieleze nifinyange. Kikifinyangika, nitampelekea mzee. Kisipofinyangika, utamwomba radhi binti yangu."

"Nitakuja," nikasema.

Jioni hiyo alinipa mkeka, akachukua donge la udongo. "Haya, anza."

"Kichwa chake ni kama mfuko."

"Mfuko uliojaa au mtupu?"

Maishani mwangu sikuwahi kuulizwa swali hilo. Nikafumba macho, nikamwona pweza alivyokuwa akining'inia mkononi mwa mama yangu. "Una vitu ndani, lakini umelegea. Unaangukia upande."

"Macho?"

"Chini ya mfuko, pale miguu inapoanzia. Miguu minene penye shina, inapungua mpaka ncha iwe kama mkia wa panya. Kwa chini ina vikombe vidogo, safu mbili."

Akavunja bua la nyasi lenye uwazi, akaanza kugonga vikombe kimoja kimoja. Alipokaribia ncha akabadilisha bua, akatumia jembamba zaidi, bila mimi kumwambia.

"Na mdomo uko wapi?"

"Chini, katikati ya miguu yote. Mgumu, umepinda kama wa kasuku."

Mikono yake ikasimama, kisha akacheka. "Kumbe anakikalia chakula chake!"

"Hivyo hivyo, mama."

Kiti cha pweza hakikumsumbua: vidole vitano vinene vinavyotoka mahali pamoja, mgongo umejaa vipele. Matumbawe, niliyoyataja pia darasani, ndiyo yaliyotuchelewesha. Alitaka kujua ni jiwe au ni mti. Nikamwambia hujengwa na wadudu wadogo wasiohesabika, kila mmoja katundu kake, na wanaokuja hujenga juu ya walipoishia waliotangulia. Mengine hutoa matawi kama pembe za swala, mengine hutandaa kama uyoga, na mengine huwa duara yenye mifereji inayojikunjakunja, kama ubongo wa mbuzi. "Basi wanajenga kama mimi," alisema, akaanza kupandisha udongo duru juu ya duru.

Tukamalizia kwa jongoo bahari. Akaviringisha udongo mnene kama muhogo. "Kichwa kiko upande gani?"

"Sijui," nikasema. "Siku zote nilimwona amelala mchangani, wala sikumgeuza."

Aliweka udongo chini, akanitazama usoni. "Sasa ndiyo nakuamini."

Vilipokauka alivichoma pamoja na vyungu vyake. Kiti cha pweza kilipasuka kidole kimoja, vingine vikatoka salama. Mzee alimpakata pweza, akampindua, akatia kidole kwenye ule mdomo wa chini. Binti aliniambia kuwa babu alisema, "Mdomo mahali kama hapa, mwongo asingeufikiria." Akamwita mjukuu wake karibu, akamwomba amsimulie upya, toka mwanzo.

Yule pweza alikaa juu ya kabati la darasa miaka yote niliyofundisha pale. Watoto walimpindua mpaka vikombe vikalainika. Mama yake yule binti akaanza kuchora mifereji ya tumbawe kwenye mabega ya mitungi yake, badala ya mistari aliyoizoea. Wanawake wakaipenda, na wafinyanzi wengine wakaiga. Mwaka niliohamishiwa Lindi niliikuta mitungi hiyo sokoni, imepangwa chini na mchuuzi aliyetoka Newala. Nikamuuliza ni nakshi gani ile.

"Ubongo wa mbuzi," akanijibu, hana hata shaka.

Nilinunua mmoja, nikaubeba mwenyewe mpaka nyumbani kwangu, mtaa wa Rasbura.