Pishi ya Mama Mkwe

Mimi na mizani yangu ya betri tunaaminiana kuliko ninavyoaminiana na watu wengi. Nauza keki hapa Kiembe Samaki, na najua kikombe cha unga ni kama gramu mia na ishirini na tano tu, ilhali kikombe kile kile ukikitia mchele kinakaribia mia mbili. Nikimsikia mtu akisema kikombe ni kikombe tu, ulimi huniwasha.

Ndiyo maana nilikereka mama mkwe wangu, aliyehamia kwetu kutoka Uroa, aliposema fitri ya nyumba nzima, sadaka ya kumalizia Ramadhani, ataipima kwa viganja vyake. Kwao ndivyo walivyopima: unakutanisha viganja viwili, unachota mchele mpaka vijae, hicho ni kibaba. Vibaba vinne ni pishi, na pishi moja ndiyo fitri ya mtu mmoja.

"Mama, pishi ya mchele ni kama kilo mbili na nusu," nilimwambia. "Tupime kwa mizani tumalize."

"Fitri haipimwi kwa betri. Nnapima mwenyewe tangu sijaolewa."

Mume wangu, hodari wa kukimbia ugomvi wa wanawake, akakumbuka ana shughuli Darajani. Nikabaki na mama, na shetani wangu ambaye alitakiwa awe amefungwa mwezi ule.

Alasiri nikatandika mkeka jikoni. Mizani nikaifunika kitambaa, nikaacha upenyo wa kusoma namba, na juu yake nikaweka bakuli.

"Bakuli hilo mbona limepanda?" mama akauliza.

"Nimelitilia kitambaa lisiteleze."

Saumu yangu ikapata doa hapo hapo. Mama akapiga bismillahi, akachota kutoka gunia la mchele. Nilikuwa nimejiandaa kuchekelea, nikifikiri atazidisha, maana wazee wa shamba wana mkono mpana. Alipomimina cha nne, nikachungulia. Kilo moja na gramu mia sita.

Nikamtazama mikono. Miaka ya kufunga mwani baharini na baridi yabisi vilikuwa vimemkunja vidole, havikutani tena. Kila akiinua viganja, mchele ulimpita katikati ukarudi guniani, naye alitazama pembeni kana kwamba haoni. Hamu ya kucheka ikaniisha. Nilimwonea huruma.

Nifanyeje? Mama anaamini, kama wengi wetu, kwamba saumu ya mtu inaning'inia baina ya mbingu na ardhi mpaka fitri yake itoke. Nikinyamaza, ya kwake itabaki inaning'inia, na mjane jirani yetu atapelekewa pungufu. Nikisema, nitakuwa nimemwambia kwamba hata kazi hii haiwezi tena.

Basi nikawa mwizi wa kinyume. Mama akigeukia gunia, mimi nachota kwa kikombe changu kutoka kwenye ndoo ya mchele wa kupikia iliyokuwa kando yangu, namwaga kwenye bakuli, natazama namba. Akigeuka, mimi nakohoa, nafukuza nzi asiyekuwepo, nasifia mchele. Bakuli likitimia namimina mchele kwenye mfuko, nafunga, tunaanza jengine. Nilijiona mjanja wa mji mzima.

Tulipofika kwenye fitri yake mwenyewe, aliyoiacha ya mwisho, akachota polepole zaidi. Cha nne kikadondoka zaidi ya nusu. Akainama guniani kama anayeokota mawe, akakaa huko muda mrefu, nami nikapata nafasi ya kumwaga vikombe sita bila haraka.

"Mwanangu," akaita, bado amenipa mgongo.

"Naam, mama."

"Zishatimia kilo zako mbili na nusu?"

Nikashindwa hata kukohoa. "Zishatimia, mama."

"Hivyo unavyozidisha, kwa niya ya nani?"

"Sikutia niya yoyote."

Akageuka, akaliweka bakuli mapajani mwake, akaupitisha mkono wake uliokunjana juu ya mchele mpaka ukasawazika.

"Basi tia niya yangu," akasema. "Usije ukanidhulumu thawabu."