Swali la Kwanza Halikuwa na Alama

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, ufunguo wa chumba, na onyo: "Hii ikiharibika, Mwanza nzima hakuna wa kuitengeneza." Aliyesema hivyo ni Mratibu, mkuu wa ofisi yetu ya masomo ya mbali pale Mirongo. Ilikuwa miaka ya tisini. Chama cha ushirika nilichokuwa mpiga chapa wake kilikuwa kimepunguza watu, nami nikiwa mmoja wao, kwa hiyo niliitikia "Ndiyo, mzee" hata kabla hajamaliza.

Ndani ya kompyuta hiyo kulikuwa na programu tuliyoiita Mwongozo. Ninyi mnaotunga kozi kwenye simu mtacheka, lakini kwetu ilikuwa maajabu. Kazi yake ilikuwa kumsaidia mtu asiyejua ualimu atunge kozi yake. Ilimuuliza: Nani atasoma? Anajua nini tayari? Akimaliza aweze kufanya nini? Mtaalamu alijibu kwa mdomo, mimi nikachapa, na Mwongozo ukapanga masomo, maswali na majibu sahihi. Bukoba na Musoma, kwenye vituo vyenye kompyuta, tulituma kwa waya wa simu kupitia modemu, kidude kilichopiga kelele weee kabla ya kukubali kazi. Wanafunzi wa visiwani walipelekewa karatasi kwa meli.

Mtaalamu wangu wa kwanza alikuwa Bwana Mifugo mstaafu, mzee mwenye kozi ya masomo kumi kuhusu kuku. Alikaa kitini, akakohoa, akasema, "Andika. Hujambo mwanafunzi wangu? Huku Mwanza mvua imeanza. Huko kwenu je? Kuku wameamkaje?"

"Mzee, Mwongozo unataka lengo la somo."

"Lengo litasubiri. Unaingiaje kwa mtu bila kumsalimu?"

Nikaziweka salamu zake kwenye nafasi ya utangulizi. Ajabu ni kwamba wanafunzi walizijibu. Karatasi zilirudi na nusu ukurasa wa mvua, watoto na vifaranga, ndipo yakafuata majibu ya maswali. Kusahihisha nako kulikuwa juu yangu, kwa hiyo nilizisoma zote. Mume wangu alikuwa amekwenda Geita kutafuta dhahabu na barua zake zilikuwa zimekatika. Chumba changu cha Butimba kilikuwa na kitanda, jiko la mafuta ya taa na kiti kisichokaliwa na mtu. Ilipita Jumapili nzima bila yeyote kuniuliza habari yangu. Nilikuwa mpweke, na niliuonea aibu upweke huo. Salamu zile zilikuwa za Bwana Mifugo, lakini aliyeshiba ni mimi.

Tulipofika somo la tano, Mratibu alishika karatasi moja kwa ncha za vidole. "Bibie, somo siyo barua. Wafadhili wanasoma haya. Toa hizi hujambo hujambo zote." Kisha akaongeza kwa upole, "Na unajua orodha ya kupunguza watu inapita kwangu."

Nilizifuta. Bwana Mifugo alikuwa anaumwa nyumbani, nami sikumwambia. Nilikuwa mwoga, basi.

Somo la tano lilirudi kutoka kisiwa cha Ukara halina jibu hata moja. Lilikuwa la Mama Nyamizi, mjane aliyetaka kumaliza kozi ili awe mchanjaji wa kuku kijijini kwake. Chini alikuwa ameandika: "Mwalimu, nimekukosea nini? Kwenye somo la nne nilikwambia ugonjwa wa mdondo umemaliza kuku wangu. Nilingoja pole. Umeingia kwangu bila hodi. Mimi naacha."

Nilimpelekea Bwana Mifugo karatasi hiyo kitandani. Aliisoma mara mbili.

"Umefuta salamu zangu?"

"Nimefuta, mzee. Nisamehe."

Alinirudishia karatasi. Kisha akanitungia barua ya pole kwa Mama Nyamizi, na mwisho akasema, "Usiniingize tena kwa watu namna hiyo."

Salamu kwenye utangulizi zilikuwa zimepigwa marufuku, lakini maswali hayakupigwa. Katika somo la sita nikaandika: Swali la kwanza, hujambo? Eleza. Mwongozo haukukubali swali bila jibu sahihi, nikajaza: lolote. Ukataka alama, nikajaza sifuri. Mama Nyamizi akarudi masomoni.

Mratibu aliligundua. "Swali hili linapima nini?"

"Linapima kama mtu yupo, mzee."

Akageuza karatasi. "Alama ngapi?"

"Sifuri."

"Basi liache. Halitaharibu wastani."

Wiki ya somo la saba Bwana Mifugo alifariki. Masomo yenyewe alishayamaliza, ila maswali ya kwanza ya kujulia hali hayakuwapo. Nikayatunga mwenyewe kwa jina lake, katika somo la nane, la tisa na la kumi: Nyumbani kuna nani? Wala sikumwambia mtu.

Mama Nyamizi alifaulu. Kwenye somo la kumi, jibu la swali la kwanza lilikuwa hivi: "Sijambo. Yule mzee alikuwa akiuliza mvua na kuku. Wewe unauliza kama nyumbani kuna mtu. Nimejua siyo yeye; nimesikia alifariki, Mungu amrehemu. Na wewe unayeandika, hujambo?"

Kozi haikuwa na somo la kumi na moja ambamo ningemjibu. Ningeweza kuchukua karatasi ya kawaida na kalamu. Nilishindwa, maana ningeandika nini?

Nimestaafu sasa, na chumba bado ni kilekile cha Butimba. Juzi vijana wa jirani walinionyesha programu inayotunga kozi kabla chai haijapoa. Inapendeza kweli. Niliwauliza swali la kuuliza hali liko wapi, wakacheka kwa adabu, wakasema, "Bibi, hilo halihitajiki."

Karatasi ile ya mwisho ya Ukara ninayo sandukuni. Mama Nyamizi, kama bado upo, nimechelewa sana kukujibu. Nilikuwa sijambo kwa mdomo tu. Nyumbani hapakuwa na mtu, na katika kazi yangu yote ni wewe peke yako uliyeniuliza.