Rangi mbili kisimani

Nichekeni tu, nimeshajicheka mwenyewe. Kuhara kulipoingia mtaani kwetu Kawajense, mimi bibi mzima nikanunua dukani vidonge vya rangi mbili, vile vya kuua vijidudu, nikavipasua na kumwaga unga wake kisimani ili mtaa wote upone kwa mkupuo. Juzi bwana afya akaja kukagua maji, akauliza nani anatia dawa mle. Nikasimama mbele ya wanawake wenzangu, kifua mbele, nikingoja makofi.

“Ni mimi, mwanangu!”

“Bibi, vijidudu ukivilisha dawa kidogo kidogo, vinaizoea. Siku mjukuu wako akiugua, haitamsaidia. Kisima nakifunga leo.”

Kisha jirani yangu Mama Nyamizi akanitwisha ndoo yake tupu. “Haya, Daktari, tangulia mtoni!”