Waliolala Nyumbani Kwangu

Barua ilipofika, mama mdogo alikuwa bafuni akiimba nyimbo za kanisani, nami nilikuwa jikoni kwangu Saint-Gilles, mtaa wa Brussels, nikisoma Kifaransa cha ofisi. Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu, na nilikuwa nimepoteza kazi ya usafi. Kwa ufupi, barua ilisema kwamba posho yangu ya wasio na kazi, ile ambayo sote tunaiita chômage, nililipwa kama mtu anayeishi peke yake. Kumbe commune, yaani ofisi ya mtaa, ilikwisha kuandika zamani kwamba kwenye anwani yangu yuko mtu wa pili, tena mwenye mshahara. Kwa hiyo sikustahili kiasi kile, na kilichozidi nikirudishe.

Mtu wa pili! Ndiye huyo aliyekuwa akiimba bafuni. Alinilea Lubumbashi baada ya mama yangu kufariki, na alipobisha mlango wangu Brussels nilimpokea bila kuuliza. Nikampa chumba, nikamwachia kabati, mimi nikahamia kwenye kochi la sebuleni na nguo zangu. Karatasi iliyouliza ninaishi na nani ilinikuta sina mume wala mtoto, nikaandika peke yangu, nikatia sahihi kwa roho safi. Mama kuja kwako ni jambo la kutangaza ofisini? Kutomwandika ni kosa ambalo Mbelgiji hawezi kulifanya hata akilewa.

Deni liliniogopesha, sikatai. Lakini kilichoninyima usingizi ni yeye. Mama mdogo hakubali kuwa mzigo kwa mtu. Kabla ya kuja kwangu alikaa kwa mpwa wake, mtaa wa Jette, karibu na hospitali ambako mama mdogo ameajiriwa kufua mashuka. Siku moja akamsikia mpwa akilalamikia bili ya umeme kwenye simu. Jioni ileile alikuwa mlangoni kwangu na sanduku lake. Nilijua akisikia kwamba deni hili limetokana na kukaa kwake kwangu, sanduku lile litatoka tena chini ya kitanda, na safari hii sikujua lingeelekea wapi.

Nikaenda ofisi ya chômage kimyakimya. Mama wa dirishani, mpole kabisa, akanieleza kwamba naweza kulipa kidogo kidogo, ila fungu la kwanza litangulie, na hilo fungu lilikuwa nene. Sikuwa nalo. Ikabidi niwaombe watu wangu.

Kuomba ni kazi, jamani. Afadhali kwetu mwenye shida hajisemei. Anatafutiwa mtu mzima wa kumsemea, kama kwenye posa, naye anakaa kando ameinamisha kichwa. Nikaenda mtaa wa Evere kwa tonton mmoja, ndivyo tunavyowaita wajomba na wazee wetu, dereva wa basi, aliyesemea karibu nusu ya ndoa zetu. Nikamsihi aseme ni deni tu, asitaje limetoka wapi.

“Hapana, mutoto,” akasema. “Nikisema nusu, batu batakupatia nusu.”

Tukapanga Jumapili mchana nyumbani kwake, siku ambayo mama mdogo alikuwa na zamu. Nikajiona mjanja.

Sebule ilijaa watu wa kanisani na watu wa kwetu Katanga, kwenye viti vya kuazima, na jikoni makayabo, samaki wetu wa chumvi, yanakaangwa. Nilikaa pembeni nikiangalia vidole vya miguu yangu. Tonton akasafisha koo, na hapohapo mlango ukafunguliwa. Mama mdogo, bado na viatu vyake vyeupe vya hospitali! Kuna mtu alimwambia familia inakutana. Ni nani sijui mpaka leo, na nikimjua tutaongea. Akakaa karibu na mlango. Nikamtolea tonton macho. Aliyaona, akaendelea.

Alisema yote: barua, anwani, mtu wa pili, mama wa dirishani. Ile aibu niliyoibeba peke yangu, nilipoisikia kinywani mwake, ilikuwa na heshima, kana kwamba inamhusu mtu mwingine aliye bora kuliko mimi. Nikangoja aombe pesa. Hakuomba.

“Bon,” akasema. “Ni nani hapa alilalaka mu ile nyumba ya Saint-Gilles? Asimame.”

Wakatazamana. Kisha akasimama baba mmoja mwenye suti, mhasibu siku hizi, ambaye aliwahi kulala sakafuni kwangu akitafuta kazi. Akafuata maman mmoja na binti yake, waliokaa kwangu bomba lilipopasuka kwao. Wakasimama wanafunzi ambao sura zao nilizisahau, walioshuka stesheni ya Midi wakiwa hawana pa kwenda. Viti vikaendelea kulia. Hata mke wa tonton alisimama. Tonton akamtazama, na sote tukaelewa kwamba hilo litazungumzwa baadaye.

Chumba kimoja na sebule! Wote hawa walipita wapi? Sikuwahi kuwaona pamoja, sikuwahi kuwaza kwamba kuna cha kuona. Mwili ulinisisimka, nikaogopa, na woga wenyewe ulikuwa mtamu.

Wa mwisho kusimama alikuwa mama mdogo.

“Miye ningali nalala mule,” akasema.

Watu wakacheka mpaka wengine wakafuta machozi. Mimi sikucheka. Kofia ya kazi ya tonton ikazunguka, na fungu la kwanza likapatikana kabla bukari, ugali wa kwetu, haijapoa.

Kwenye tramu mama mdogo alitazama dirishani njia nzima. Tulipofika nyumbani akaingia chumbani, na mara nikasikia sanduku likiburutwa kutoka chini ya kitanda. Niliingia nikiwa tayari kugombana naye, kupiga magoti, chochote.

Alikuwa ameketi kitandani, sanduku liko wazi mbele yake. Lilijaa hadi juu: vitenge, blauzi za kanisani, sweta, vyote vimekunjwa. Nyuma yake kabati lilikuwa wazi pia, na halikuwa na hata kitambaa. Ndipo nilipoelewa. Muda wote ule alikuwa akivaa kutoka sandukuni, akifua, akikunja, akirudisha mlemle, tayari kuondoka siku yoyote nitakapolalamika kwenye simu.

Akainua macho.

“Kesho tutaenda pamoja kwa ule maman wa biro,” akasema. “Utamuambia tuko babili. Donc nitundike bilamba byangu. Cintres iko wapi?”

Nikamletea vitundikio vyote nilivyokuwa navyo nyumbani. Koti langu likalala kwenye kiti.