Pekupeku na Kipimo cha Almasi

Maabara nzima ilimwita Pekupeku, kwani mwanafunzi yule wa udaktari alivua viatu mlangoni kila asubuhi, akachomoa vibanio vya nywele kimoja kimoja huku akinong'ona hesabu yake. Kipimo chake, kilichotumia kipande cha almasi kupimia sumaku, kilihisi hata sumaku ya pini. Skrubu za shaba alizikaza taratibu, kama mtu anayemfunga mtoto mchanga vifungo. Leo ilikuwa siku yake ya mwisho: kipimo kisiposoma sumaku hafifu ya mapigo ya moyo, watapewa wengine mtambo huo. Fundi wa maabara alijilaza chini ya kipimo, akajitolea moyo wake usomwe. Kwenye skrini mstari ulitapatapa tu.

"Basi, binti yangu, umejitahidi," profesa wake akasema, akikisogelea kipimo. Mstari ukaruka. Aliporudi nyuma, ukashuka.

Pekupeku akageuka, sauti yake ileile ya upole. "Mzee wangu, samahani. Naomba utoke na mkanda wako."

"Mkanda?"

"Wa suruali. Una chuma."

Profesa akatoka mbio. Mstari ukatulia, kisha ukainuka, ukashuka, ukainuka tena, sawasawa.

"Fundi, usicheke, utaniharibia!" Pekupeku akasema, naye machozi yanamtiririka. "Moyo wako huu hapa, kaka. Nauona!"