Petroli Iliyochujwa kwa Kitambaa cha Bahati

Muhula ule wa kidato cha tatu nilichelewa shule mara nyingi hadi mwalimu wa zamu akaacha kuniuliza sababu. Akiniona getini ananionyesha fagio kwa kidevu tu. Ningemwambia nini? Kwamba pikipiki imezima mwinukoni, palepale ilipozima jana? Kwangu mimi kuongea mbele ya watu ni kazi. Nachukua fagio, nafagia.

Pikipiki yenyewe ni ya mjomba, mdogo wake mama, anayeishi kwetu na kufanya kazi machimboni. Ni lile dude refu la zamani lenye matairi ya meno, aina waliyokuwa wakiendea porini mabwana mifugo. Asubuhi ananishusha shuleni akielekea kwenye mashimo. Kutembea ni mbali. Kupanga geto karibu na shule mama hataki hata kusikia, anajua yanayowapata wasichana wanaopanga peke yao jirani na machimbo. Kwa hiyo alishasema: pikipiki ikiendelea hivi mpaka likizo, nahamia kwa mama mdogo, mtaa wa Nyasubi, nikasome Kahama mjini.

Mwingine angefurahia mji. Mimi ilinichukua karibu kidato cha kwanza chote kupata rafiki mmoja. Sikutaka kusimamishwa tena mbele ya darasa la wageni nijitambulishe.

Ndiyo maana niliisikiliza ile injini kama mtu anayemuuguza ndugu. Asubuhi inawaka vizuri. Tambarare inakwenda. Ikifika kwenye mwinuko inakohoa, inaishiwa nguvu, inazima. Mjomba anapiga kiki mpaka shati linalowa, mimi nimekaa kwenye jiwe pembeni na begi langu, natamani ardhi inifiche, na bodaboda wanapita.

"Mzee, hilo wapelekee wa chuma chakavu."

"Hili ni chuma," mjomba anawajibu. "Nyie mmepanda mabeseni."

Fundi wa pale senta alianza na plagi. Akaweka mpya, ikazima. Akasema basi petroli ina maji, wanaoiuza kwa chupa barabarani wameichakachua. Hilo niliweza kulipima mwenyewe. Nilimimina petroli kidogo kwenye chupa isiyo na rangi nikaiacha itulie, maana maji ni mazito, yangeshuka na kujitenga chini. Hayakuwepo. Nikamwambia mjomba.

"Fundi ndiye fundi, mama," akaniambia. Huniita mama akitaka kuninyamazisha kwa upole.

Fundi akaifungua kabureta, akaipuliza kwa upepo, na siku kadhaa tukapanda mwinuko kwa raha. Nikaanza hata kuamini. Halafu ikarudi kulekule, kikohozi kilekile, jiwe lilelile la kusubiria. Siku hiyo ningeipiga teke kama injini isingekuwa ya moto.

Jumamosi, mjomba akiwa amelala, nilifunga koki ya petroli nikafungua kikombe cha chini cha kabureta, kama nilivyomwona fundi akifanya. Ndani kulikuwa na tope la kijivu, laini kama unga wa muhogo. Nikalisugua kwa vidole, likakwaruza. Jeti, kile kitundu chembamba kinachopitisha petroli, niliielekeza juani nikaona nukta ya mwanga tu: petroli ya kutosha tambarare, si mwinuko. Tope lile nililijua. Ndilo linalobaki kwenye beseni kila nikifua nguo za mjomba. Unga wa mawe ya dhahabu.

Nikajua na lilikopitia. Mjomba hajazi tangi bila kuchuja petroli, na anachujia kitambaa kilichokatwa kwenye blanketi la mwalo. Mwalo ni ule ubao wa mteremko wanaopitishia mawe yaliyosagwa na maji, na blanketi lililotandikwa juu yake ndilo linalonasa dhahabu. Mwalo uliotoa kitambaa hiki uliwahi kuwapa watu mzigo mzuri. Mchimbaji hatupi kitu cha namna hiyo, kina bahati yake. Yaani muda wote huo alikuwa akichuja uchafu kwa uchafu, tena kwa uangalifu mkubwa.

Maneno niliyapanga mchana kutwa. Jioni, tukiwa tunakula, yakatoka vibaya.

"Mjomba, kitambaa chako kina mchanga. Ndio unaoziba jeti."

"Nimekifua mimi."

"Bado kina."

Mama akaacha kumega ugali. "Anasema nini huyu?"

"Anasema bahati yangu ni takataka, dada. Kasoma sana."

Nikainuka. Nilikileta kile kitambaa nikakikamua ndani ya karai la maji mbele yao. Maji yakawa kijivu. "Ona basi," nikasema.

Mjomba aliona. Ila hakuona nilichomwonyesha. Alininyang'anya karai, akaanza kulizungusha kama wanavyofanya huko machimboni, akimwaga maji kidogo kidogo, mpaka ukingoni ikabaki chembe ya njano ndogo kuliko yai la chawa.

"Dada, sogea uone."

"Naona mchanga," mama akasema. "Ndio huo unaozima pikipiki?"

"Achana na pikipiki."

"Ni mchanga, mjomba," nikasema tena.

"Shh. Dhahabu haitaki kelele, mama, utaifukuza."

Kitambaa akakianika, akakikunja kwenye mfuko wa nailoni na kukifungia sandukuni, kwa kuwa sasa kilikuwa mali, hakikufaa tena kushikishwa petroli. Akaniuliza, kana kwamba hatukubishana, tutachujia nini. Nikampa shati langu jeupe la shule ya msingi. Kesho yake nilimwaga petroli yote ya tangi, nikalisuuza, nikazibua jeti kwa uzi mmoja wa kebo ya breki.

Haijazima tena. Tunapanda mwinuko bila kukohoa, na bodaboda akiuliza mjomba anamwambia alikaa na lile chuma, akalichunguza, akagundua tatizo.

Likizo ilipokaribia, mama alimpigia simu mama mdogo nikiwa naosha vyombo hapo hapo uani.

"Basi abaki tu huku," alisema. "Kaka yako ameshaitengeneza."

Sufuria niliyokuwa nayo mkononi ilikuwa safi tayari. Niliendelea kuisugua.