Maneno Niliyomwekea Shangazi Mdomoni

Likizo ile nilikuwa sikai mahali. Nikiwa kwangu Hamugembe, mjini Bukoba, natamani kutoka, nikitoka natamani kurudi. Kwa hiyo kikundi kimoja cha vijana wa filamu kiliponiomba niwe mkalimani wao, nilikubali kabla hawajamaliza kueleza kazi yenyewe. Walitaka kuonyesha mbegu za asili za Kagera na watu wanaozitunza. Nikawaambia mtu ninaye: shangazi yangu, dada wa marehemu baba, Muleba.

Shangazi aliolewa, ndoa ikavunjika bila mtoto, akarudi nyumbani kwao. Kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa la ukoo, alikirithi baba, na baada yake kaka yangu. Kaka alimpa shangazi chumba cha nyuma na ruhusa ya kulima kipande cha rweya, ule uwanda wa nyasi ulio nje ya migomba. Huko analima njugu mawe. Mbegu alipewa na mama yake, na mama yake alipewa na wake. Anazihifadhi kwenye kibuyu kilichoning'inizwa juu ya meko ili moshi ufukuze wadudu. Zipo nyeupe, zipo nyekundu, zipo zenye madoa kama mayai ya kanga, na aina moja nyeusi ambayo sijawahi kuiona katika soko lolote la Bukoba.

Siku mbili walipiga picha kibuyu, meko na mikono ya shangazi. Siku ya tatu tukaenda kule rweya. Kaka naye alikuja, akasimama karibu na kamera akiwa amekunja mikono. Wiki hiyohiyo alikuwa ameleta miche ya mikaratusi, na sote tulijua inakwenda kupandwa wapi.

Mwongozaji, binti mpole ambaye hakujua Kihaya, aliniomba nimuulize shangazi ardhi ile ina maana gani kwake. Shangazi aliinuka, akajifuta udongo mikononi, akajibu kwa Kihaya huku anaitazama kamera.

"Mbegu ni zangu. Ardhi si yangu. Mwenye ardhi akipanda miti yake, mimi na mbegu zangu hatuna pa kwenda."

Sikumtazama kaka, lakini nilijua amesikia. Nikamgeukia mwongozaji nikamwambia kwamba shangazi anasema ardhi na mbegu ni urithi wetu sote, havitenganishwi. Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka tu siku ile ipite. Mwongozaji alifurahi mno, akasema hayo ndiyo maneno aliyokuwa akiyatafuta.

Baada ya miezi kadhaa waliniita nikague maandishi ya Kiswahili yatakayopita chini ya picha. Kila uso wa shangazi ulipotokea nilinyanyuka kutafuta maji ya kunywa. Nilirudi nikasema yako sawa.

Filamu ilionyeshwa Jumapili baada ya misa, katika ukumbi wa parokia, madirisha yamezibwa kwa maturubai. Shangazi aliketi mstari wa mbele kwenye kiti cha plastiki. Hasomi, kwa hiyo jirani yake, katekista mstaafu, alikuwa akimsomea maandishi na kumgeuzia kwa Kihaya. Ilipofika sehemu ile, ukumbi mzima ulimsikia shangazi kwa sauti yake mwenyewe akisema ardhi si yake, huku macho yanasoma kwamba ni urithi wetu sote. Watu wakaanza kunong'ona. Katekista alisoma, akasita, kisha akamwambia kilichoandikwa.

Shangazi akageuka, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Hayo ni maneno ya nani?"

"Ni yangu, shangazi."

Akaugeukia tena ukuta wenye picha.

Filamu ilipokwisha, mwongozaji alikaribisha maoni. Kuketi kulinishinda. Nilisimama nikaeleza nilichofanya na kwa nini, kwa Kihaya kwanza, halafu kwa Kiswahili ili na wageni waelewe. Kaka, aliyekuwa ameketi nyuma, alitoka nje kabla sijamaliza. Baada yangu alisimama mama mmoja akasema kipande chake cha rweya sasa kina misonobari, na hakuulizwa. Akafuata mwingine, na mwingine. Hakuna aliyezungumzia uzuri wa picha.

Mwongozaji alinikasirikia, na alikuwa na haki. Aliniambia nimemfanya awe mwongo mbele ya watu waliompokea. Kisha akatoa kompyuta yake hapohapo kwenye ngazi za ukumbi, akaniamuru nitafsiri upya, neno kwa neno, katekista akisimamia.

Mvua za vuli zilipoanza kaka alipanda mikaratusi nusu ya juu ya kile kipande, akamwambia shangazi nusu ya chini ni yake kwa maisha yake yote. Alisema hivyo kwa mdomo, hakuna karatasi. Shangazi alimshukuru, halafu akateremsha kibuyu na kuwagawia mbegu wale wanawake waliosimama ukumbini, kila mmoja konzi moja, hata zile nyeusi. Nilimuuliza kama haamini ahadi ya kaka. Alisema anaiamini, ila kaka naye ana watoto wa kiume.

Nilipokwenda mara ya mwisho, njugu zilikuwa zimetoa maua, yale madogo ya manjano yanayolala chini kabisa ya majani. Miche ya kaka ilinifika magotini. Nilichutama kando ya shangazi nikamwomba msamaha, kwa mara ya nne au ya tano. Aliendelea kupalilia. Mwishowe akaugusa mguu wangu kwa mpini wa jembe.

"Waitu, sogea," akasema, kwa lile neno letu la upole. "Unakanyaga maua."